Punje ya Mia na Themanini

Habari ya msiba ilimkuta Kordula Komba uani anapepeta maharage. Mjumbe alisimama langoni, akavua kofia, akasema Mzee Yustino Kihwele, mwenye mashine ya kusaga, kafariki alfajiri hiyo akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, redio inaongea. Kordula akaweka ungo chini. Alihisi kitu kizito kinampanda kifuani, kikafika kooni, kikaanza kutafuta njia ya kutokea machoni. Hakikufika. Nyuma ya sikio lake la kushoto ubaridi ukamwagika, mwembamba, kama mtu kamdondoshea maji ya mtungi, na kile kizito kikarudi kilikotoka.

"Poleni sana," alimwambia mjumbe, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la chanjo.

Kisha, kwa kuwa koo lilimkauka, akachota kikombe cha maji akanywa. Kunywa maji kulikuwa kwenye orodha. Basi punje, ambayo haijui msiba wala harusi, ikamlipa palepale: utamu mdogo ukamtambaa shingoni hadi begani, kama mtoto aliyelambishwa asali. Kordula akabaki ameshika kikombe. Miaka thelathini na mbili ametaniana na Kihwele, na siku ya kufa kwake yeye anaona raha shingoni.

"Kishetani wewe," aliiambia punje. Nayo ikampooza tena, maana alikuwa ameanza kukasirika.

Punje yenyewe ilikuwa ndogo kama chenga ya mchele. Taasisi moja ya mjini iliileta Mitawa mwaka uliotangulia. Mitawa ni kijiji cha mahindi na kahawa, mwendo wa saa moja kutoka Songea, na watu wake mia mbili walikubali kwa kidole gumba kubandikwa nyuma ya sikio. Punje ilisikiliza mapigo ya moyo, pumzi, jasho na maneno ya mdomoni. Hasira au huzuni ikipanda, au tusi likifika mdomoni, ilimwaga ubaridi. Ukifanya jambo jema la kwenye orodha, yaani kutembea, kunywa maji, kusalimia au kushukuru, ilimwaga utamu.

"Zamani tulidhani mtu anafurahi kwanza ndipo anainuka kufanya kazi," alieleza Dakta Nakijwa mkutanoni. Huyu alikuwa binti mrefu mwenye miwani, msimamizi wa utafiti. "Sasa tunajua mara nyingi ni kinyume. Mwili ukianza kutenda, moyo unafuata nyuma. Punje inausukuma mwili."

Na iliusukuma kweli. Wiki ya kwanza Mitawa walikunywa maji mpaka foleni za chooni zikawa ndefu kuliko za kisimani. Watu walisalimiana asubuhi, wakazunguka nyumba, wakasalimiana tena. Mzee Nyoni alionekana akimsalimia mbuzi mmoja mara saba, na mara ya saba ni mbuzi aliyeona imetosha akaondoka.

Cheka, lakini usimalize kicheko, maana kulikuwa na Teofrida.

Teofrida alikuwa mjukuu wa Kordula. Alipojifungua mtoto wake Ostina alilala akaugeukia ukuta, na ukuta ukawa dunia yake kwa miaka miwili. Vidonge vya zahanati vilimsaidia kidogo, kisha vikachoka. Kordula alimlisha kwa kijiko, huku kitoto kimemkaa mgongoni, akasahau lini mara ya mwisho alilala kitandani na si kwenye kigoda. Siku ya tisa baada ya kubandikwa punje, Teofrida alitoka nje akaanika nguo moja. Moja tu. Kesho yake akaanika mbili. Sasa alikuwa anafundisha chekechea, anaimba vibaya kwa sauti kubwa, na Kordula hakuwa na ombi lingine la kumsumbua nalo Mungu.

Ila taasisi ilikuwa na sharti lake. Mwaka ukiisha na watu mia na themanini wakiwa bado wanavaa, kila mmoja anaachiwa punje yake maisha yote. Wakipungua hata mmoja chini ya hapo, utafiti unafungwa siku hiyohiyo na punje zote zinakusanywa. Idadi iliandikwa kwa tarakimu nyekundu kwenye ukuta wa zahanati, kila mtu aione. Zilibaki siku tisa. Ukuta ulisema mia na themanini na moja.

*

Kati ya Wangoni na Wahehe kuna vita vya zamani ambavyo kila upande unadai ulishinda, na ubishi huo ndio umezaa utani. Mngoni akikutana na Mhehe lazima wachokozane, huyu akisingiziwa kukimbia vita, yule kula mbwa, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Mmoja akifa, mtani wake ndiye anayekuja kuvuruga msiba. Anavaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake, anajilaza kaburini anadai kuku ndipo atoke. Wafiwa wanacheka hawataki, wanalia wanacheka, na wakirudi nyumbani wanajua wamezika mtu.

Siku Kihwele alipohamia Mitawa na mashine yake ya kusaga inayotumia jua, Kordula ndiye aliyempokea sokoni.

"Tangu huyu Mhehe afike, mbwa wa hapa hawabweki tena," alitangaza. "Wananong'ona."

Kihwele hakugeuka hata shingo. "Babu yako alikimbia akaacha ngao, Mngoni. Mpaka leo kwetu tunaanikia mihogo."

"Hakukimbia. Alikuwa anawaonyesha wenzenu njia ya kurudi kwao."

Wakaendelea hivyo mpaka mvi zikawaota. Kisha zikaja punje. Wiki ya pili walikutana tena sokoni, wote wawili wamebandikwa, Kihwele akafungua kinywa amwulize Kordula kama kile kichwani ni kilemba au paa lililong'olewa na upepo. Hakumaliza. Walipozwa wote wawili kwa pamoja, na hapohapo kipanga cha kata, ile mashine ndogo ya kuruka inayoamua ugomvi, kikashuka katikati yao.

"Ndugu wapendwa," kilisema kwa sauti ya kike iliyojaa huruma, "tuvute pumzi pamoja."

Soko zima likavuta pumzi. Mashine ilikuwa imefundishwa matusi kwa kusikilizishwa ugomvi wa mjini, na kati ya wasomi wote walioifundisha hakuna aliyekumbuka kuiambia kwamba kuna watu wanatukanana kwa mapenzi. Kihwele naye akavuta pumzi, akaitoa, kisha akaing'oa punje yake akaitupa kwenye tenga la dagaa. Aliyenunua dagaa wale hajajulikana, ila inasemekana kuna nyumba paka wao ana adabu sana.

"Na wewe ng'oa," alimwambia Kordula.

Kordula alimtazama Teofrida, aliyekuwa ameinama penye fungu la nyanya, anachagua. Anachagua nyanya, mtu ambaye juzijuzi tu alikuwa hawezi kuchagua ubavu wa kulalia.

"Siwezi, Mhehe."

Kihwele alifuata macho yake akaona alichokiona. Akageuka akarudi mashineni kwake. Lakini toka hapo kila asubuhi alipita langoni kwa Kordula akatupa tusi lake, na kila asubuhi Kordula alifungua kinywa kulijibu, ubaridi ukamwagika, akajikuta anasema, "Ahsante, nawe uwe na siku njema." Kihwele alikuwa anaondoka anatikisa kichwa kama mtu aliyetoka kumwona mgonjwa.

"Kordula," alimwambia wiki ile ya mwisho, akiwa ameegemea lango, pumzi imepungua, "nikifa usiniletee hiyo heshima yako kaburini. Njoo na mdomo wako. Vinginevyo nitafufuka kwa aibu."

*

Msiba ulikuwa nadhifu kama zahanati. Watu zaidi ya mia walikaa chini ya turubai, migongo imenyooka, wanashukuriana. Huyu anamshukuru yule kwa kuja, yule anamshukuru huyu kwa kumshukuru. Hakuna aliyelia. Jeneza lilikuwa la kisasa, la uyoga, kama yale yanayooteshwa kwenye kalibu pale ushirika ili yaoze yenyewe ardhini. Limelala juu ya meza, jeupe, limevimba kidogo pembeni.

Bi Skolastika, mjane, alikuwa ametimiza hatua zake elfu sita kwa kuizunguka nyumba. Alimpokea Kordula mlangoni.

"Kamwene, mtani."

"Kamwene, Bi Skola. Pole."

"Tumeshapoa. Umekunywa maji?"

Mbele kabisa walikaa Wahehe kumi na wawili waliotoka Iringa alfajiri. Hao hawakuwa na punje. Walikuwa wamesikia sifa za Kordula miaka na miaka, na sasa walimkodolea macho kama watu waliofika mapema kwenye ngoma. Kordula akalitazama jeneza. Maneno yakamjia yenyewe, mazuri, yamejipanga. Akafungua kinywa.

Ubaridi ukamwagika.

"Jeneza zuri," alisema. "Poleni."

Wahehe wakatazamana. Mmoja akamwuliza mwenzake kwa sauti ya chini kama huyu kweli ndiye mwenyewe, au wametumiwa dada yake.

Bi Skolastika alimvuta Kordula mpaka jikoni, akafunga mlango.

"Mngoni, tangu jana natafuta chozi silipati," alisema. Uso wake ulikuwa shwari, ila mikono ilikuwa inakunja na kukunjua pindo la khanga. "Lipo, najua. Nalisikia linapanda kama maziwa, likikaribia kumwagika mtu anafunua sufuria. Miaka arobaini na moja nimeishi na yule mtu. Jana nimelala vizuri. Unaijua aibu ya kulala vizuri?"

Kordula alitaka kumkumbatia kwa uchungu. Alimkumbatia, lakini uchungu ulikuwa umeshapozwa njiani.

Akatoka nje kumtafuta Dakta Nakijwa. Alimkuta amekaa kwenye pikipiki yake ya jua, kibao cha kazi mapajani, hajui akae na wafiwa au akae na takwimu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, kitu hiki kinazimwa wapi?"

"Hakizimwi."

"Hata redio inazimwa."

Dakta akashusha sauti. "Tulibishana sana juu ya hilo. Mtu akiwa chini kabisa, ukimpa kitufe atazima, kwa sababu huzuni yenyewe inamwambia hastahili nafuu. Teofrida angezima siku ya kwanza. Kwa hiyo hatukuweka kitufe."

"Mkatunyima na sisi ambao tumefiwa tu."

Binti alivua miwani akaifuta, na miwani haikuwa na vumbi. "Niliwaandikia mwezi wa tatu. Niliwaambia kulia msibani si ugonjwa. Nikawaambia pia kwamba watu wanaolipwa kwa salamu wataacha kusalimia siku malipo yakikoma. Wakanijibu kwamba takwimu ni nzuri tusizichokoe."

"Ya mjane ikitoka?"

"Ziko mia na themanini na moja. Moja inaweza kutoka na tukabaki salama. Ya pili ikitoka, nimefunga utafiti, sina hiari. Sanduku la kukusanyia litafika Jumatatu. Na ya Teofrida itaingia sandukuni." Akarudisha miwani usoni. "Na ikishang'olewa, imekufa. Hairudishwi."

"Nafasi moja," alisema Kordula.

"Moja, Bibi."

Kordula alirudi jikoni akamweleza Bi Skolastika mambo yalivyo, hakupunguza wala hakuongeza. Teofrida alikuwa ameingia kuchukua vikombe, akasimama na sinia mikononi, anasikiliza.

"Nafasi ichukue wewe," Kordula alimwambia mjane. "Marehemu ni wako."

"Nikiing'oa mimi, nani atanifungua? Nitakaa nimekodoa macho kama bundi." Bi Skolastika alitikisa kichwa. "Alikuita wewe na mdomo wako. Ng'oa wewe. Mimi nikipata kucheka tu, kutanitosha."

Kordula akamgeukia mjukuu wake. Hapo ndipo palipomkaa vibaya. Nafasi hiyo ndiyo pekee iliyokuwa imebaki kati ya Teofrida na ule ukuta, na siku tisa ni nyingi. Mtu mmoja mwingine akajikwaa, punje ikadondoka kisimani, imekwisha.

"Bibi, hiyo nafasi si yangu kuiwekea kufuli," alisema Teofrida. "Ng'oa. Mzee wa watu anasubiri."

*

Ilitoka kwa uchungu kidogo, kama kung'oa mwiba. Kordula akaitazama kiganjani, nyeusi, imekufa, na kabla hajajiandaa miezi kumi na moja na ushee ya mambo yaliyopozwa ikamwangukia kwa pamoja. Alimlilia Kihwele dakika nzima, ameshika mdomo wa sufuria ya wali, kamasi zinamtoka bila mpangilio. Kisha akajifuta na upande wa khanga, akaingia chumbani kwa marehemu.

Alipotoka alikuwa amevaa koti la Kihwele, kofia ya Kihwele, na usoni ametia unga wa mahindi. Akapita katikati ya turubai kwa mwendo wa Kihwele, ule wa goti moja kuuliza jingine kama liko tayari.

"Nani kaniandalia jeneza la mboga?" alisema kwa sauti ya marehemu. "Mimi Mhehe, nimekula nyama maisha yangu yote, majina yake tusiyataje hapa kuna mbwa wanasikiliza, leo mnanizika ndani ya uyoga? Mvua ikinyesha Wangoni watanichuma."

Wahehe wa Iringa waliangua kicheko kimoja kikubwa cha watu waliokuwa wamekishikilia tangu alfajiri. Mzee Nyoni akacheka akapozwa, akacheka tena. Punje zilikuwa na dawa ya hasira na dawa ya huzuni, lakini dawa ya kicheko hazikupewa, na kicheko kikapata upenyo kikapita kama mbuzi kwenye uzio wa jirani. Kipanga cha kata kilifika, kikashuka, kikasema ndugu wapendwa. Kordula akakivika kofia ya marehemu, kikakaa kimya juu ya meza.

Jeneza lilipobebwa, alitangulia mbio mpaka kaburini. Ngazi ya wachimbaji ilikuwa bado imo. Akashuka nayo, akaivutia ndani, akajilaza chali akakunja mikono kifuani.

"Sitoki," alisema toka chini. "Nafasi imeshachukuliwa. Huyo Mhehe mpelekeni kwao, mwambieni tumejaa."

"Toka, Bibi, Katekista anasubiri," mmoja alisema.

"Asubiri. Nataka kuku wawili, mmoja awe jogoo. Na mtu anieleze huyu mtu alikopa wapi adabu ya kufa kabla sijamaliza kumjibu. Nina majibu ya miezi humu kifuani. Tarehe nne alisema miguu yangu ni kama mchi na kinu. Nimepata jibu juzi usiku, yeye kaondoka leo... kaondoka jana..." Sauti ikakatika. Akaimeza. "Yustino, mwizi wewe. Umekufa ukiwa umeshinda."

Juu ya kaburi Bi Skolastika alikuwa anacheka. Alianza taratibu, mkono mdomoni, kisha mabega yakamtikisika, akajishika kiuno, akacheka kicheko cha msichana. Kikafika mahali fulani kikageuka. Uso ukakunjamana. Watu wakaona chozi linakuja kabisa, limefika ukingoni mwa jicho. Na wakaona linavyorudi. Uso ukalainika kama shuka lililopigwa pasi.

Bi Skolastika akapeleka mkono nyuma ya sikio. Vidole vikaigusa punje. Kisha akamwona Teofrida, amesimama ng'ambo ya kaburi na Ostina mkononi, na mkono ukashuka wenyewe.

"Hapana," alisema. "Siwezi kulia kwa gharama ya mtoto wa watu."

Kordula alikuwa ameketi kule chini, unga umemchirizika mashavuni. Kutoka shimoni aliona miguu tu na nyuso mbili. Alijua akisema "ng'oa" atakuwa amemsukuma mjukuu wake ukutani; akisema "using'oe" atakuwa amemzika mjane mzima pamoja na mumewe. Akatafuta neno la mzaha, maana maisha yake yote lilikuwa halijamkosa. Likamkosa.

Teofrida alimkabidhi Ostina kwa Dakta Nakijwa, ambaye alimpokea kama mtu aliyepewa sufuria ya moto. Akazunguka kaburi.

"Bibi Skola," alisema, "ule wakati nimelala, watu walidhani nilikuwa nalia. Sikulia hata siku moja. Nilikuwa natafuta chozi, silipati. Kama wewe hivi. Hapo ulipo mimi napajua." Punje ikawa inampooza, na akaendelea hivyohivyo. "Mtu asiachwe hapo. Asiachwe hapo kwa ajili yangu, halafu mimi nikasimame mbele ya watoto niwaimbie."

"Na ukirudi kulala?"

"Nikirudi, mtakuja kuniamsha. Sasa mnajua nyumba."

Akampa muda wa kukataa. Bi Skolastika hakukataa. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayesuka nywele, na Teofrida akaing'oa punje ya mia na themanini.

Kilio kilichotoka hapo kilisikika mpaka mashineni. Kilikuwa kilio cha miaka arobaini na moja, kina jina la mtu ndani yake, kina viatu vyake, kina namna alivyokuwa anapuliza chai. Wahehe wa Iringa wakalia. Kordula akalia kule chini. Wenye punje wakakaa wanapozwa mfululizo, na wanne watano wakaanza kujikuna nyuma ya sikio wakitazamana. Lilipokwisha wimbi la kwanza, Bi Skolastika alichungulia shimoni, macho mekundu, pua imejaa.

"Mngoni," alisema, "toka kitandani kwa mume wangu."

Watu wakalia wanacheka.

*

Kibao cha Dakta Nakijwa kililia mara moja. Alikisoma akiwa bado amempakata Ostina, ambaye alikuwa amemvua miwani anailamba.

"Mia na sabini na tisa," alisema. "Utafiti umefungwa."

Teofrida alishika sikio lake. Hakulia, hata kama angetaka asingeweza, lakini Kordula aliuona ule mkono na moyo ukamdondoka.

"Jumatatu wanakuja kuchukua?" Kordula aliuliza toka shimoni.

"Watakuja." Dakta akavuta pumzi. "Lakini kuna kifungu cha kumi na nne kwenye mkataba mliotia vidole. Kinasema mshiriki ambaye afya yake inategemea kifaa hataachwa bila matibabu. Taasisi watasema matibabu maana yake vidonge. Mimi nitasema maana yake ni hicho alichonacho sikioni. Nitaomba zuio la mahakama kesho asubuhi. Jumatatu sanduku lao litamkuta Teofrida ana zuio mkononi."

"Wana mawakili," mtu alisema.

"Watano. Nawajua. Nilikula nao chakula cha Krismasi." Sauti ya binti ilikuwa imeanza kubadilika, imechangamka namna ambayo Mitawa walikuwa hawajaisikia. "Watakata rufaa. Nami nitakata rufaa ya rufaa. Kazi wataniachisha, sawa, nitapata muda zaidi. Na suala la kitufe sijalisahau, hilo nitalifungulia jalada lake peke yake."

Kordula alisimama kaburini, kichwa kikachomoza usawa wa ardhi. Alimkazia macho.

"Mwanangu, mwaka mzima tuko na wewe hatujakuuliza. Kwenu wapi hasa?"

"Usangi."

"Mpare?"

"Mpare, Bibi."

Hapakuwa na mtu pale kaburini asiyejua sifa za Wapare, kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku, na kuku akifa kesi inaendelea. Kicheko kilianza kwa Wahehe, kikaenda kwa Wangoni, kikamkumba Katekista na kitabu chake. Teofrida alicheka mpaka akachuchumaa. Bi Skolastika alicheka na machozi yake yote mapya.

"Mungu ana akili," alisema Kordula. "Wale mawakili watano waambieni waanze kuaga kwao."

Dakta Nakijwa hakukasirika. Alikuwa ameshapata karatasi mahali fulani, ameiweka juu ya kifuniko cha jeneza kwa kuwa ndiyo meza iliyokuwa karibu, Ostina kwapani, kalamu mdomoni.

"Nahitaji mashahidi," alisema. "Waliomwona Teofrida kabla, na wanaomwona sasa. Majina kamili na makazi."

Foleni ikajipanga kulizunguka jeneza, Mzee Nyoni mbele. Katekista alitazama saa, akafunga kitabu, akaingia kwenye foleni. Bi Skolastika aliweka mkono juu ya ule uyoga mweupe.

"Subiri kidogo, Yustino," alisema. "Tunaandikisha."

"Anzeni na mimi," Kordula aliita toka chini. "Mimi ndiye niliyemlisha kwa kijiko. Kordula Komba, miaka sitini na minane."

Dakta akachungulia kaburini, kalamu tayari. "Makazi?"

Kordula aliangalia kuta za udongo mwekundu, upande huu na upande huu. Kuku wake walikuwa hawajaletwa bado.

"Kwa sasa," alisema, "andika humuhumu."